Kaa Waliokufa Maji

Niliwatia kaa wa mama kwenye ndoo za maji, nikawafunika na mfuniko, wakafa maji. Nasema mapema ili usije ukafika katikati ukajifanya umeshtuka. Kaa, mnyama anayezaliwa majini, anayelala kwenye tope lililojaa maji, mwenye miguu ya nyuma bapa kama makasia. Huyo ndiye niliyemzamisha, mimi mwanafunzi wa kidato cha tatu, niliyeongoza darasa kwenye mtihani wa biolojia. Na sikuzamisha mmoja kwa bahati mbaya. Nilizamisha mzigo mzima, kwa makusudi, tena huku nikitoa maelezo.

Hilo la kuongoza darasa silitaji kwa majivuno tu, ingawa majivuno nayo yamo. Nalitaja kwa sababu ndilo lililoniponza. Kabla ya likizo tulikuwa tumemaliza uainishaji wa wanyama, na kwenye uainishaji mimi sishikiki. Wenzangu wa mjini Kibiti wanamkariri kaa kwenye ubao; mimi ameshanibana kidole gumba mpaka nikaita majina ya ukoo. Mwalimu akisema athropoda, wenye miguu ya viungo na gamba la nje, mimi namwona kaa, namwona kamba, namwona buibui wa chooni na kupe wa mbuzi wa bibi, ndugu wote wamekaa mkeka mmoja wakisubiri pilau. Akishuka kwenye krasteshia, buibui na kupe wanaombwa watoke nje. Akifika kwenye wenye miguu kumi, mkekani wanabaki kaa, kamba, kambakoche na jamaa zao wachache, na pilau linaanza kutosha.

Siku moja nilichora kaa ubaoni bila kutazama kitabu. Magando mawili, miguu minane, macho juu ya vijiti vyake. Mwalimu akauliza, "Huyu dume au jike?" Nikamjibu, "Mwalimu, bado sijamgeuza." Darasa likacheka, naye akacheka, nikajua sasa mimi ni mtaalamu. Na nilikuwa na haki. Kaa humjui mpaka umgeuze. Dume, kile kifuniko kilichokunjwa tumboni ni chembamba, kimechongoka. Jike, ni kipana na cha mviringo, kama aproni ya mama ntilie, kwa sababu ndimo atakamobebea mayai akienda kuyaangulia bahari kuu.

Shule nasoma Kibiti, nakaa kwa bibi, mama yake mama. Mama mwenyewe yuko visiwani, upande wa Maparoni, ambako ndiko kwetu. Na bibi hali kaa. Hili si ajabu. Kwetu wapo wengi wanaovua kaa na kuuza kaa maisha yao yote bila kumtia kinywani. Wapo wanaokula, wapo wasiokula, na kila upande una masheikh wake. Mimi si sheikh, huko siingii. Lakini hoja ya bibi ilikuwa ya biolojia, na hapo nikaona uwanja ni wangu.

"Mnyama wa majini na wa nchi kavu kwa pamoja mimi simwelewi," alisema bibi. "Achague."

"Ameshachagua, bibi. Ni wa maji. Anapumua kwa matamvua kama samaki, kama changu na kibua."

"Changu ulishamwona amepanda mkoko?"

"Kaa anapanda kutembea tu, bibi. Kama wewe unavyokwenda Ikwiriri."

"Mimi nikienda Ikwiriri napumua."

Nikamwambia hilo si jibu la kitaalamu. Bibi naye si kwamba kila anachosema kuhusu kaa ni sawa, usimwonee huruma. Anaamini mwezi ukiwa mpevu unayeyusha nyama ya kaa. Anaamini yule kaa mdogo anayejibanza ndani ya kombe la konokono ni mtoto wa konokono aliyeasi. Nilimweleza kuwa yule si mtoto wa konokono na wala si kaa halisi, ni binamu tu, ana tumbo laini lililojipinda ndiyo maana anahangaika na nyumba za kupanga. Bibi akasema hata yeye binamu zake wako hivyo. Kwa hiyo mjadala wa matamvua haukuisha. Tuliuacha hapohapo likizo ilipofika, mimi nikiwa na hakika kwamba naongoza.

Mama anajaza kaa. Hiyo ndiyo kazi yake, na ukiitaja Dar watu wanadhani anawapuliza upepo. Ni hivi. Kaa hakui kidogo kidogo kama mimi na wewe, kwa sababu gamba lake halivutiki. Akitaka kukua inabidi alivue lote, mpaka la kwenye miguu, mpaka la machoni. Anatoka kinyumenyume kama mtu anayevua suruali ya kubana. Akishatoka anakunywa maji, anavimba, na gamba jipya linakaukia juu ya ule uvimbe. Matokeo yake anakuwa na nyumba kubwa isiyo na hata kiti. Ukimshika unaona bonge la kaa, ukimpika unapata maji ya chumvi. Tunawaita watupu, na wanunuzi hawawataki hata bure.

Mama ndiye anayewataka. Anawaweka kwenye kizimba cha fito alichokisimamisha pembeni ya mkondo, kila kaa na chumba chake kama gesti, anawalisha utumbo wa samaki na tondo waliopondwa, wale konokono wa mikokoni, mpaka nafasi yote ndani ya gamba ijae nyama. Kila mmoja kuwa na chumba si anasa. Ukiwachanganya, mwenye gamba gumu atamla mwenye gamba laini, wala hatauliza kama ni dada yake.

Watupu hao mama huwafuata mwenyewe. Maji yakishakupwa anashuka topeni na chuma chenye ncha iliyopinda, anakiingiza shimoni polepole, anasikiliza kwa mkono. Mashimo ya kaa kwetu yana wenyewe. Lile la chini ya mzizi uliolala ni la mama, linalofuata ni la jirani, na hakuna alama yoyote ila kila mtu anajua. Ukimtoa kaa huruhusiwi kulibomoa shimo, kwa sababu kaa mwingine akipita akikuta nyumba iko wazi anahamia, na wiki ijayo unamkuta kama aliyekodishwa. Kwa hiyo mama ana mashimo mazuri, ya kurithi, na akili anayo.

Asichokuwa nacho ni goti. Goti lake la kushoto limekataa tope. Kuzama linazama vizuri tu. Kutoka ndiyo shughuli. Likizo hii kuna siku nilimkuta amekwama mpaka pajani, ameshika mzizi, maji yameanza kurudi, naye anaimba kaswida kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote. Nilipomvuta akatoka akaniambia alikuwa anapumzika. Nikacheka. Usiku nikilala ile kaswida ikawa inajirudia kichwani, na haikuwa inachekesha tena.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pana jambo. Mnunuzi wa kaa wa pale Kibiti, mama mmoja wa makamo, alikuwa amesema anataka mtu mmoja tu upande wetu wa visiwani awe mkusanyaji wake. Mkusanyaji hashuki topeni. Wengine ndio wanaoshuka, wanamletea. Yeye anakaa kwenye kizimba, analisha, anafunga, anapanga, anapeleka. Walioitaka hiyo nafasi walikuwa wawili, mama na jirani yetu, yule mwenye mashimo yaliyopakana na yetu. Mnunuzi akasema kila mmoja alete mzigo wake, yeye atatazama, ataamua. Kwa hiyo ule mzigo wa mama haukuwa kaa wa kuuza. Ulikuwa goti lake.

Na aliukabidhi kwangu.

Ilikuwa mwisho wa likizo, narudi shule, na goti siku hiyo lilikuwa limevimba hata botini hawezi kupanda. Aliwafunga kaa mwenyewe tangu alfajiri. Anamkanyaga kaa mgongoni kwa unyayo, taratibu kama anayekanyaga embe bivu, anapitisha ukindu chini ya magando, anaurudisha juu, anaukaza. Kaa anabaki amejikunyata kama mtoto aliyefungwa kwenye mbeleko. Aliwapanga kwenye matenga mawili, majani ya mkoko chini, gunia lililolowa juu. Akaniambia, "Wasipigwe jua. Gunia likikauka, lilowanishe. Basi. Usiongeze lako."

Mimi sijawahi kukutana na jambo nisiloliongezea langu.

Boti ilitushusha bandari ya Nyamisati jua likiwa kali na bodaboda wote wamekwenda kula. Nikakaa na matenga yangu chini ya kibanda cha muuza chai. Nikafunua gunia nichungulie. Kaa wote walikuwa wanatoa povu. Mapovu madogo madogo mdomoni, yanatoka, yanapasuka, yanatoka tena, na sauti yake kama chumvi inayoanguka kwenye karatasi. Mtu mwingine angefunika tu. Mimi nikafikiri, na hilo ndilo kosa. Nikajiambia: mnyama huyu ana matamvua. Matamvua yanachukua hewa iliyo majini. Hapa alipo hakuna maji. Kwa hiyo povu hili ni mtu anayekata roho. Mama ni mzoefu, sikatai, lakini mama hajasoma mfumo wa upumuaji.

Muuza chai alikuwa na ndoo mbili kubwa zenye mifuniko. Nikamwomba, akanipa kwa sharti la kuzirudisha zikiwa safi. Na usidhani nilitia maji ya kisima, mimi si mjinga. Nilishuka mpaka mkondoni nikachota maji ya chumvi, yaleyale ya kwao. Nikawahamisha kaa mmoja mmoja, nikawapanga kwa adabu mpaka maji yakawafunika, nikabana mifuniko jua lisiwaguse. Mapovu yakaisha palepale. Kimya. Nikajisikia daktari.

Bodaboda aliyekuja alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. Akazitazama ndoo, akanitazama.

"Dogo, hao unawapeleka kuuza au unawapeleka kuogelea?"

"Nawapeleka wakiwa hai, kaka."

"Mimi naona kila siku wanapita hapa na magunia."

"Kwa sababu hao wanaopita hawajui matamvua ni nini."

"Hata mimi sijui."

"Basi endesha, nitakufundisha njiani."

Na nikamfundisha. Ndoo moja imefungwa nyuma kwa mipira, matenga matupu juu yake, ndoo nyingine mapajani mwangu, nikampa somo lote kutoka Nyamisati mpaka lami. Nilimweleza kwamba kaa akikatika gando anaota jingine, kwanza dogo la aibu, kisha akijivua tena na tena linakuwa sawa na la kwanza. Akasema angependa na pikipiki zingekuwa hivyo. Nilimweleza jinsi dume anavyomshikilia jike chini yake siku kadhaa akimlinda, kwa sababu jike anapandwa akiwa ametoka kujivua, laini kabisa, na asipolindwa ataliwa. Akasema huyo dume ni muungwana kuliko shemeji yake. Nilimweleza vile vikaa vidogo vya ufukweni vyenye gando moja kubwa, vinavyolipunga hewani mchana kutwa: ni madume yanayoita wake. Akasema anawajua wapiga debe wa namna hiyo. Lilikuwa somo zuri sana. Nikikumbuka sasa kwamba wakati nafundisha, mapajani mwangu somo lenyewe lilikuwa linakufa, natamani kujizaba kofi.

Nilifika kwa bibi, nikaweka ndoo uani, nikafungua mfuniko wa kwanza kwa madaha ili bibi aone.

Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Kaa wa juu nilipomshika, miguu ikaning'inia. Kaa hai miguu yake haining'inii. Ina kiburi, inasukuma, inakataa. Hii ilining'inia kama soksi kwenye kamba. Nikamweka chini nikachukua wa pili. Soksi. Nikafungua ndoo nyingine. Nikaona kabisa lile tope, mama amezama pajani, anaimba.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wake. Alitazama ndani ya ndoo muda mrefu.

"Si ulisema ni wa maji?"

Bibi akaweka ungo chini.

"Watoe basi. Unawakodolea nini? Wamwage nje."

Nikazimwaga ndoo zote mbili kwenye kivuli cha jiko. Bibi, ambaye hamgusi kaa, akaingia ndani akatoka na kanga yake kuukuu, akailowesha kwenye mtungi, akanirushia. Tukawatandaza juu ya gunia, nikawafunika na kanga, nikaanza kuwapima. Kuna namna ya kumjua kaa aliyebaki na roho: mguse jicho. Akiwa hai, kile kijiti cha jicho atakilaza kwenye kijishimo chake, hata kama hana nguvu ya kufanya kitu kingine chochote. Nikapita nikigusa macho, mmoja baada ya mwingine. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Kisha jike mmoja mkubwa, gamba la kijani iliyokolea, akalilaza jicho polepole kama mtu anayekonyeza kwa uvivu.

Kidogo kidogo, pale kivulini, mdomoni mwake likatoka povu.

Sijawahi kufurahia povu namna ile. Likatoka, likapasuka, likatoka tena. Kisha kwa wa pembeni yake. Kisha kwa dume mmoja wa huku mwisho. Na hapo nikiwa nimepiga magoti, kanga ya bibi mkononi, ndipo nikaelewa nilichokisoma na kukiongozea darasa. Matamvua ya kaa hayako nje, yako ndani ya gamba, huku ubavuni, kwenye chumba chenye unyevu. Akiwa nje ya maji anabaki na maji yake kidogo humo. Anayasukuma mpaka mdomoni, yanapigwa na hewa, anayarudisha. Povu ndiyo mashine yake inafanya kazi. Mimi niliona mashine inafanya kazi, nikaizima. Kule mkondoni maji yanatembea, hewa haiishi. Ndani ya ndoo, kaa wengi, maji machache yaliyosimama, mfuniko juu. Hewa iliyokuwemo waliimaliza mapema, na kupanda juu wakavute nyingine hawawezi, wamefungwa ukindu na mimi nimewapanga kama matofali.

"Bibi," nikasema, "kumbe anaweza kote kote."

"Mimi nilikwambia achague, na wewe ukamchagulia," bibi akajibu.

Waliofufuka hawakujaza hata tenga moja. Waliobaki walikuwa maiti, tena maiti nzuri, nzito. Nikashika mmoja mkononi, uzito ule ukanipa wazo. Akili yangu ina tabia hiyo: inanitia shimoni, halafu inaanza kunitafutia ngazi. Nikawaweka walio hai kwenye tenga na majani na kanga iliyolowa. Wafu nikawaweka kwenye tenga la pili.

"Hao unawapeleka wapi?" bibi akauliza.

"Kwa mnunuzi."

"Unapeleka maiti sokoni?"

"Napeleka ushahidi, bibi."

Banda la mnunuzi liko nyuma ya barabara kuu, giza na ubaridi, makreti yamepangwa mpaka juu na maji yanadondoka kila mahali. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, buti za mpira miguuni, kucha zote zimepakwa rangi nyekundu isipokuwa ya gumba la kulia, ambayo imekatwa mpaka nyamani. Hilo ndilo gumba lake la kazi. Kaa akija, anamgeuza, anambonyeza kwa gumba hilo karibu na mguu wa nyuma. Pakibonyea, mtupu. Pakigoma, amejaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mtoto wa kule kisiwani?"

"Ndiyo mama. Nimeleta mzigo wa mama."

Alifunua kanga ya bibi, akatazama tenga, akatazama nyuma yangu kama vile mzigo wenyewe bado uko njiani.

"Huu?"

Ningeweza kusema bahari ilichafuka. Ningeweza kusema boti ilikwama. Uongo ninao wa kila saizi. Lakini uongo wowote pale ungeangukia kwenye kaa wa mama au mikono ya mama, na mikono ya mama haikuwa na kosa.

"Mama alinikabidhi wote wakiwa hai na wamejaa. Mimi nimewatia kwenye ndoo za maji, wengine wamekufa. Hawa wamebaki. Na wale kule ndio waliokufa."

"Umewatia maji?"

"Ya chumvi, mama."

Alinitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia msikitini. Kisha akaanza kubonyeza walio hai. Gumba likagoma kwa wa kwanza. Likagoma kwa wa pili. Likagoma mpaka wa mwisho.

"Naomba kisu," nikasema.

"Cha nini?"

"Nikuonyeshe wafu."

Akanipa, nadhani kwa sababu hakuwahi kuombwa hivyo. Nikamchukua dume mfu mkubwa kuliko wote, nikamlaza chali juu ya kreti, nikabandua kifuniko cha tumbo, nikaingiza ncha ya kisu nyuma ya gamba nikalinyanyua lote. Nikamwonyesha matamvua, yale ya kijivu kama vidole vya glavu, nikamwambia hapa ndipo nilipowamalizia. Halafu nikavunja tako la mguu wa nyuma. Nyama ilijaa mpaka ukingoni, nyeupe, imebana, haina hata tone la maji. Nikavunja gando. Imejaa. Nikachukua jike mfu, nikafungua. Pembe za gamba zimejaa mafuta rangi ya machungwa.

"Chagua mwingine wewe mwenyewe, mama, nimvunje," nikamwambia. "Yeyote. Ukikuta mtupu, mpe jirani yetu kazi."

Akachagua mmoja wa chini kabisa, wa pembeni, mahali ambapo watu huficha wabovu. Nikamvunja. Amejaa.

Yule mama akavuta pumzi, akafuta gumba lake kwenye kanga.

"Jana jirani yenu kaniletea kaa hai, wengi wao watupu. Leo wewe unaniletea waliojaa, wengi wao wafu. Huko kwenu hakuna mtu wa kuniletea kaa aliyejaa na akawa hai?"

"Yupo, mama. Ila alinituma mimi."

Alicheka kwanza puani, akijizuia, kisha ikamshinda akacheka mpaka akashika kreti. Nilisimama pale na kisu, nanuka kaa, sijui kama nicheke au nisubiri. Alipomaliza akasema hivi: kumfundisha mtu kujaza kaa mpaka wa chini kabisa awe kama wa juu, hawezi, si jambo la kuelekezana kwa simu. Kubeba kaa kutoka Nyamisati mpaka Kibiti, yeyote mwenye gari na gunia lililolowa anaweza. Kwa hiyo mama aanze kukusanya. Kaa wakifika Nyamisati, gari lake litakuwa linawafuata hukohuko.

"Na wewe," akasema, "nikikuona umegusa mzigo wangu, nitakufunga ukindu."

"Sawa mama."

"Umesema unasoma?"

"Kidato cha tatu. Biolojia naongoza darasa."

"Mungu atusaidie."

Nilitoka pale natembea kama mwenye banda. Ukiangalia kwa jicho la haki, mimi ndiye niliyeleta gari mpaka Nyamisati. Kama ningewafikisha wale kaa salama kwenye matenga, mama angepata kazi na bado angehangaika na usafiri. Nilikuwa nimeshaipanga hoja hiyo vizuri kabla sijapiga simu, nikairudia njiani kwa sauti, ikanoga.

Mama alipokea simu kwenye mlio wa kwanza. Kule kwetu mtandao unashika pale penye mtumbwi uliopinduliwa tu, kando ya mkondo, kwa hiyo nikajua amekaa pale tangu adhuhuri na goti lake kalinyoosha juu ya mtumbwi. Nilisikia maji nyuma yake. Nikamweleza yote bila kuruka, maana bibi alikuwa ameketi mbele yangu anapepeta mchele na angerekebisha. Povu, ndoo, mifuniko, soksi, kanga, kisu, gumba. Nilipofika kwenye waliokufa alivuta pumzi, nikasikia. Nikamalizia na nafasi ya ukusanyaji, kwamba ni yake, na gari, na ile hoja yangu kwamba ukiangalia kwa jicho la haki.

Nikasikia maji tu yanapita kwenye simu, nikatazama kioo chake nione kama salio limeisha. Bibi akaacha kupepeta.

Kisha mama akasema, "Basi kesho sishuki topeni. Na wewe rudisha ndoo za watu, uzioshe kwa sabuni, zinanuka kaa."